Pikipiki ya cc 125 kupanda Lushoto hadi Mtae: inatosha, au raha ni ya pikipiki kubwa tu?

Mtangani125 ameuliza:

Wakuu, salaam.

Nina pikipiki ya Kichina ya cc 125, ile ya mtindo wa Honda CG. Gia tano, kabureta, breki za ngoma mbele na nyuma, sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya meno 15 mbele na 42 nyuma. Imetembea kilomita 14,000, haijawahi kubeba abiria wa biashara. Nataka kutoka nayo Tanga mjini hadi Mombo, nipande Soni na Lushoto, nilale, kesho yake niende Mtae, kijiji cha ukingoni mwa milima ya Usambara, kisha nirudi. Niko peke yangu na begi moja. Sina haraka, safari ni ya kujifurahisha tu.

Kijiweni wananiambia bila cc 250 ni kujitesa, kwamba injini itakufa mlimani. Naomba wanaojua wanisaidie: injini itamudu? Nibadilishe sproketi? Kabureta iguswe au iachwe? Upepo wa tairi uwe kiasi gani? Na nibebe spea zipi bila kugeuka duka?

---

KonaZaSoni:

Mkuu, hao wa kijiweni wanaifikiria barabara kuu, hawaifikirii ya Mombo–Lushoto. Kuanzia Tanga kupita Segera na Korogwe hadi Mombo ni kama kilomita 130, na hapo kweli pikipiki ndogo ni mnyonge. Ukiwa 70 mabasi yanakupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma pembeni kisha unakuvuta. Ondoka alfajiri kukiwa kweupe, kaa kushoto, na kila basi linapokukaribia kwenye kioo legeza mikono kidogo badala ya kukaza usukani. Sehemu hiyo ni ya kuvumilia, haina zaidi.

Raha inaanza Mombo. Ni kilomita 33 hadi Lushoto, unatoka kwenye mita kama 400 hadi kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kona juu ya kona, na nyingi hazikubali zaidi ya 40. Mwenye pikipiki ya kilo 200 pale anafanya kazi ya breki tu: anavuta resi sekunde mbili, anabana, anapinda kwa hofu, anaanza upya. Wewe wa kilo 110 na ushee unaifungua resi yote kwenye gia ya tatu, injini inaimba, na saa inasoma 45. Hakuna nguvu inayobaki bila kutumika. Ukigeuza macho tu kuelekea kona inakotokea, pikipiki imeshalala yenyewe. Ukikosea mstari, unairekebisha kwa goti na bega. Mwenye pikipiki nzito akikosea mstari pale Soni anakutana na lori la kabichi.

Ila injini ndogo ina masharti. Nguvu yake iko kwenye mizunguko ya juu, kwa hiyo gia inashushwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukiingia na ya tatu halafu injini ikaanza kugugumia katikati, utabana klachi, utapoteza mwendo, na utalazimika kuanza na ya kwanza kwenye mwinuko mkali huku nyuma yako kuna Coaster. Sikiliza sauti: ikianza kuwa nzito, shusha gia palepale. Injini haiuawi na kuzunguka kwa kasi ikiwa na oili. Inauawa na kubebeshwa gia kubwa mlimani, resi imefunguliwa yote na mwendo ni mdogo. Mlipuko unakuwa mkubwa na upepo wa kupoza ni haba, joto linapanda.

Kwenye kona isiyoonyesha mbele piga honi, na usikate kona hata kama barabara inaonekana tupu. Magari marefu hayawezi kugeuka bila kuchukua upande wako, wala dereva hana ubaya na wewe.

Kurudi ndiko kuna hatari kuliko kupanda. Breki za ngoma ukizishikilia mfululizo zinapata moto, ngoma inatanuka na kwenda mbali na viatu, bitana ya viatu inaota kioo (inakuwa laini na kuteleza), na mkono wa breki unafika kwenye mpini bila jibu. Teremka na gia ileile uliyopandia, ya pili au ya tatu, acha injini izuie. Breki zitumike kwa kubana na kuachia kabla ya kona. Ukisikia harufu ya bitana, simama dakika kumi ufaidi mandhari. Usimwage maji kwenye ngoma ya moto, unaweza kuipasua au kuipinda.

---

FundiTapeti:

Nitaongelea pikipiki yenyewe, mwendeshaji ameshaelezwa.

Kwanza uondoe hofu. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 walilenga watu wanaotumia pikipiki kwa kazi na wasio na muda wa matunzo. Ndiyo maana haina cheni ya kuzungusha kamshafti (shafti inayofungua vali) juu ya silinda, inatumia fito. Wachina wameinakili hadi leo kwa sababu hiyo. Fundi yeyote wa kijijini anaijua, na spea zake ziko duka lolote la pikipiki kati ya Muheza na Lushoto.

Wiki moja kabla ya safari, si siku moja kabla (ili kama umekosea, ukosee nyumbani), fanya hivi.

Tapeti (vidude vinavyosukuma vali). Injini iwe baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Fungua mfuniko wa tapeti juu na vifuniko viwili vya upande wa sumaku kushoto. Zungusha sumaku kinyume na saa hadi alama ya T ikae kwenye mkato. Shika tapeti zote mbili kwa vidole: zikicheza kidogo zote, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imebanwa, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.08 ipite kwa kukwaruza kidogo, ya kuingiza na ya kutoa. Kaza nati huku umeshikilia skrubu, kisha pima tena, maana nati ikikazwa huwa inaihamisha. Mafundi wengi wanaseti kwa masikio, wanapunguza kelele. Tapeti isiyo na kelele kabisa ni mbaya kuliko ya kelele: vali haifungi vizuri, inaungua ukingo, na dalili yake ni pikipiki kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Mlimani ndipo utaliona hilo.

Oili. Lita moja, 20W-50 ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA. Usiweke oili ya gari ya kuokoa mafuta. Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na vilainishi vya oili ya namna hiyo vinafanya sahani ziteleze. Utaona injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Ukipima oili, futa kijiti, kiingize bila kukifunga kwa kuzungusha, ndipo usome. Ukifungua kile kifuniko kikubwa chenye springi na chujio la waya upande wa chini kushoto, kirudishe kwa mkono kwanza hadi kishike uzi. Kasha la injini ni aluminiamu, uzi wake ukiliwa safari imeishia hapo.

Plagi. D8EA au inayolingana nayo, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Beba moja mpya pamoja na spana yake ya plagi ya 18. Plagi ya akiba bila spana yake ni pambo.

Cheni. Iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati upande wa chini. Izungushe gurudumu na upime mahali penye kukaza zaidi, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Pima na uchakavu: ivute iwe imenyooka, hesabu nafasi 20 kutoka pini hadi pini. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili, cheni mpya kwenye meno ya zamani haidumu.

Sproketi ya mbele weka ya meno 14. Hesabu yake: 42 kwa 15 ni 2.8, na 42 kwa 14 ni 3.0. Unapata msukumo wa asilimia 7 zaidi kwenye gurudumu na unapoteza mwendo kwa kiasi hichohicho, pale ulipokuwa unakimbia 80 sasa utakimbia 75 kwa mizunguko ileile. Ni bati moja na bolti mbili za spana namba 10, kazi ya nusu saa. Ekseli ya nyuma utairudisha kama milimita 3 tu, cheni ni ileile. Bolti hizo mbili zina tabia ya kulegea, zifute oili na uzikaze vizuri. Spidomita haitadanganya kwa sababu waya wake unatoka gurudumu la mbele.

---

Nduthi_ya_Wundanyi:

Salamu kutoka Taita. Milima yetu ni ndugu ya hiyo yenu, na barabara ya Mwatate kwenda Wundanyi ina kona za aina hiyohiyo, kwa hivyo nachangia.

Kwa sproketi sikubaliani na Fundi, ingawa hesabu yake iko sawa. Mtu mmoja asiye na mzigo hahitaji 14. Gia ya pili na ya tatu za CG zinatosha pale juu. Lakini kilomita 130 za lami ya tambarare kwenda, na 130 kurudi, atazifanya injini ikilia bure. Abadilishe tu kama anabeba abiria.

Na hapa ndipo watu huharibu utamu wa nduthi (pikipiki) ndogo: mzigo. Hesabu. Nduthi kilo 110, wewe tuseme 70, begi 15. Jumla 195. Ukipandisha abiria wa kilo 65 umeongeza theluthi nzima ya uzito, na nguvu za farasi ulizonazo ni kama 10 tu. Isitoshe hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa asilimia 13 hivi, na nguvu inapungua karibu kiasi hicho. Kwa pikipiki kubwa hilo halionekani. Kwa yako, kila kilo utaisikia kwenye resi.

Begi lisizidi kilo 12. Vitu vizito viwe chini na mbele: vyuma na pampu vifungwe karibu na tangi, nguo ndizo zikae kwenye keria. Ukirundika nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi kwenye mlima, tairi ya mbele inaelea na kona inakuwa pana bila wewe kutaka. Halafu utasema pikipiki ni mbaya.

---

FundiTapeti:

Nduthi, hoja yako ya lami naikubali nusu. Ila fikiria na barabara ya kwenda Mtae. Lami ikiisha kuna vipande vya udongo ambavyo gia ya kwanza ya 15 inakimbia kuliko unavyotaka, unaishia kuchezea klachi. Kwa hapo 14 inaokoa sahani. Basi tufanye hivi: aweke 14 mfukoni. Ina uzito wa yai. Akifika Lushoto akaona hitaji, anaibadilisha gesti jioni.

Ila asije akashauriwa na muuza duka anunue 45 ya nyuma. 45 kwa 15 ni 3.0 ileile, lakini bei ni kubwa na huenda cheni ikahitaji kuongezwa pingili.

---

Kashata_na_Kipara:

Mtae kutoka Lushoto ni kama kilomita 60. Udongo mwekundu ukiwa mkavu ni raha isiyo na mfano kwa pikipiki nyepesi, ukiwa na maji ni sabuni. Machi hadi Mei usiende. Juni hadi Agosti pakavu ila baridi, beba glavu na koti, vidole vikifa ganzi huisikii breki. Hata miezi mikavu, asubuhi kwenye msitu wa Magamba barabara huwa na unyevu mahali jua halifiki.

Tairi. Zako bila shaka ni 2.75-18 mbele na 3.00-18 nyuma. Ya mbele ikiwa ya mistari tu itateleza, ila kama lazima uchague moja ya kubadilisha, weka tairi ya kashata (meno ya mpira yanayochomoza) mbele. Nyuma ikiteleza utaikamata kwa miguu, mbele ikiteleza umeshaanguka. Kashata zisiwe ndefu sana, utapita lami nyingi zaidi kuliko udongo.

Upepo: lami mbele 25 psi, nyuma 28. Kwenye udongo shusha 20 na 22. Usiende chini ya 18. Tairi za tyubu zikiwa na upepo mdogo huteleza juu ya rimu unapobana breki au kuvuta resi, zinaiburuta tyubu, na vali inachanika kwenye shina lake. Pale hakuna kiraka kinachoshika. Ile nati ndogo ya vali usiikaze kwenye rimu, ipandishe juu ikae chini ya kifuniko. Kila ukisimama itazame vali: ikiwa imelala upande, tairi imehama. Toa upepo, isogeze, jaza upya.

Kitu ambacho wengi husahau ni madigadi ya mbele. Kwenye pikipiki hizi iko karibu sana na tairi, kashata mpya zikipanda na udongo ule unanata, gurudumu linakwama kabisa kama limefungwa breki. Iinue kama bolti zake zinaruhusu, au itoe uende na matope usoni.

Spea za kubeba: tyubu moja ya 18 ya ukubwa 2.75/3.00, inaingia mbele na nyuma. Viraka, gundi, msasa, pampu ya mkono, vyuma viwili vya kutolea tairi. Waya wa klachi na waya wa resi. Kiungo cha cheni. Balbu moja, waya laini wa kufungia, tepu. Spana 8, 10, 12, 14, 17, bisibisi ya pande mbili, koleo. Spana za ekseli zijaribu nyumbani kwenye nati zenyewe, zinatofautiana pikipiki na pikipiki.

Wakati wa kutoa tairi, ukingo wa upande wa pili wa vali usukume kwa goti uingie kwenye bonde la rimu, ndipo uanze kuchokonoa karibu na vali. Kurudisha, anza upande wa mbali na vali na umalizie kwenye vali. Tyubu ijazwe upepo kidogo iwe duara kabla ya kuiingiza, ikiwa bapa utaibana na chuma na kutoboa tundu jipya. Wengi wanaoziba pancha mara tatu wanaziba kazi ya mikono yao.

---

Mtangani125:

Asanteni sana wakuu. Nimechukua ushauri wa 14 mfukoni. Swali la kabureta bado: kuna aliyeniambia nipunguze jeti (kitundu kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta) la sivyo itazima kabla ya Lushoto. Na mafuta, tangi langu ni lita 11, yatanifikisha?

---

FundiTapeti:

Haitazima. Hewa ikipungua, mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa. Kwa mita 1,400 utaona uzito kidogo resi ikiwa wazi yote, na plagi itakuwa nyeusi zaidi. Kwa siku mbili usiguse jeti. Safisha chujio la hewa tu: la sponji lioshe kwa maji na sabuni, usitumie petroli kwani hula gundi yake, likauke, lipake oili kidogo na ulikamue. Chujio chafu pamoja na hewa nyepesi ndivyo vinavyowafanya watu walaumu mlima.

Kama ungekuwa unahamia huko kuishi, ningesema shusha klipu ya sindano… samahani, nimekosea: *pandisha* klipu mkato mmoja juu, ndipo sindano inashuka na mafuta yanapungua. Hiyo inagusa resi ya robo hadi robo tatu. Resi ikiwa wazi yote ni jeti kubwa inayotawala, hapo ungetafuta namba ndogo kidogo. Lakini ukirudi Tanga nayo hivyo, mafuta yatakuwa haba, plagi nyeupe, ekzosi inapasuapasua ukifunga resi, na pistoni inapata moto. Ndiyo maana kwa safari fupi haifai.

Kinachofaa ni kurekebisha mlio wa chini, yaani injini ikiwaka bila kuvuta resi. Injini ikiwa ya moto, tafuta skrubu ndogo ya shaba pembeni ya kabureta. Ikiwa upande wa chujio ni ya hewa, ukifungua unapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini ni ya mchanganyiko, ukifunga ndiyo unapunguza. Hesabu mizunguko kabla ya kuigusa na uiandike. Kule juu ikizimazima kwenye foleni ya Lushoto, robo mzunguko inatosha.

Pia ujue skrubu ya chini ya bakuli la kabureta. Ukijaza mafuta yenye maji, pikipiki itakohoa kisha itazima, na maji hukaa chini ya bakuli. Fungua skrubu, acha yamwagike kijiko kimoja au viwili, funga. Usipige kiki nusu saa bure.

---

KonaZaSoni:

Mafuta: lita moja tambarare kilomita 40 hivi, mlimani hesabu 30. Tanga hadi Lushoto ni lita 4 hadi 5. Jaza Lushoto mjini kabla ya Mtae, maana kwenda na kurudi ni kilomita 120 na vituo ni vya mjini. Petroli ya chupa ipo vijijini, ndiyo hiyo ya maji anayoisema Fundi.

Ukifika Mtae mwisho wa ukingo unaona uwanda wa Mkomazi chini yako. Usiegeshe kwa stendi ya pembeni kwenye udongo laini, itazama na pikipiki italala upande wa klachi, mkono unakatika. Weka jiwe bapa chini ya stendi.

---

Kashata_na_Kipara:

Beba na mkono wa klachi basi. Ni nyepesi kuliko tyubu. Bolti yake ni spana 10, unayo tayari.